Ndama wa Baharini

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipowaita watu wazima waje kukamata ng'ombe katikati ya bahari. Usicheke kwanza. Nilikuwa kijana wa hapa Machochwe, na nilipata kazi kwenye meli ya kuvua jodari kwa kudanganya kwamba mambo ya samaki nayajua. Siku tatu za mwanzo nilitapika tu. Nahodha alipoona sifai kuvuta wavu, akanipandisha mlingotini nitafute samaki, maana macho nilikuwa nayo. Ng'ombe wa baba nilimtambua akiwa kilima cha pili.

Asubuhi moja nikaona gogo linaelea, ndege wamelizunguka, maji chini yake yanachemka samaki. Kiswahili kikanitoka. Nikapiga kelele, "Ching'ombe! Ching'ombe!" Hicho ni Kikurya, yaani ng'ombe, na melini hakuna aliyekielewa, lakini kidole changu walikiona. Wakalizungushia gogo wavu, wakavuta, samaki wakamwagika. Nikashuka mbio, nikaruka kama niko ngomani.

Niliruka peke yangu. Walikuwa jodari watoto, wengi hawazidi urefu wa kiwiko hadi vidole, na walikuwa wameshakufa.

Mzee Bakari, mtu wa Tanga aliyesimamia nyavu, akaniita. Nikainama, shikamoo, huku nimekumbatia samaki wawili.

"Marahaba. Kwenu mna ng'ombe?"

"Wengi, mzee."

"Ndama mchanga mnamchinja?"

"Hapana! Baba angenichinja mimi."

"Na hao uliowakumbatia ni nini?"

Nikawaweka chini polepole, utadhani wataamka. Kisha akanieleza: watoto wa jodari hupenda kukaa chini ya vitu vinavyoelea. Anayetaka wakubwa aache magogo, atafute kundi linaloogelea lenyewe.

Basi nikarudi juu. Kesho yake nikaona gogo, nikanyamaza. Keshokutwa nikaona lingine, nikajifanya nakohoa. Tukala maharage siku nne. Mpishi akaapa kwamba akiishiwa maharage atanipika mimi. Siku ya tano maji yakapasuka mbali, hakuna gogo, jodari wamenenepa kama madume ya kulima. Safari hii nilipoita "Ching'ombe!" meli nzima iliitikia. Wadogo walioingia wavuni walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na mpishi akanipa kichwa cha samaki kwa mikono miwili.

Mwanangu, nasikia wewe na wenzako mmeshona vyandarua mkavulie lamboni. Vifumueni. Tafuteni wavu wenye matundu mapana, mdogo apite akakue. Mkijua mahali samaki wanapolelea watoto, piteni mbali hata kama njaa inauma. Na jambo usilolijua, uliza kabla hujapiga kelele.

Mungu akupe zizi lisilokauka ndama na lambo lisilokauka samaki. Akujalie macho ya kuona mbali, na mzee mkali wa kukusahihisha mapema.