Helikopta Ndogo ya Afande Dau

Mugisha alikuwa fundi wa bodaboda pale Gurei, mtaa wa Juba. Alikuja kutoka Mbarara, Uganda, mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini, bendera ikiwa bado inanukia duka. Vita vilipolipuka Desemba, mwaka wa tatu wa uhuru huo, mkewe Josline alifunga mizigo. Lori la Nimule, mpakani mwa Uganda, lilikuwa liondoke saa nane mchana. Lakini kitambulisho cha Mugisha kilikuwa mfukoni mwa Dau, askari aliyelinda ghala la jirani, aliyemnyang'anya, na bila hicho hupiti kizuizi hata kimoja.

“Tengeneza ndege yangu, uchukue karatasi yako,” Dau alisema.

Ilikuwa helikopta ya rimoti, ndefu kama mkono, yenye injini ya kweli.

“Ukiinua kijiti cha rimoti inakohoa, inazima. Kama mzee.”

“Mzee gani, afande? Wewe?”

Dau akacheka. Mugisha akapata moyo kidogo.

Mota ndogo kama kiberiti ilitakiwa kuvuta fimbo, na fimbo ifungue mlango wa kabureta. Fimbo ilikuwa imepinda vibaya. Akakunja spoku ya baiskeli badala yake, akaiachia ulegevu kidogo, vile anavyoacha kwenye kebo ya resi, ile ya kuongeza mafuta, ya bodaboda ili usukani ukikata kona injini isipige kelele. Mkono ulifanya wenyewe, haukuuliza kichwa.

Wakaiwasha. Ikakohoa, ikazima.

Simu ikalia. Alikuwa Josline. “Baba Angella, uko wapi? Watu wanapanda!”

“Nakuja, mama. Nishikie nafasi.”

Akachuchumaa, jasho likimwingia machoni. Akainua kijiti polepole, akaona. Kijiti kilekile kiliinamisha mapanga ya juu yakamate hewa, na papo hapo kuipa injini nguvu. Mapanga yalikuwa yameshaomba nguvu, fimbo bado inatembea bure ndani ya ulegevu, injini ikalemewa. Dawa ya pikipiki ilikuwa sumu hapa!

Akahamisha spoku kwenye tundu la kubana, ulegevu ukaisha. Kijiti nusu, mlango nusu. Kijiti juu, mlango wazi wote. Lakini mota ikanguruma, bado inavuta fimbo na mlango umeshafika mwisho. Akapunguza mwendo wa fimbo kidogo, ikanyamaza. Kijiti chini kabisa, mlango ukafungika.

Safari hii injini ikaitika bila kikohozi. Dau alipiga makofi mpaka bunduki ikamteleza begani.

“Sasa irushe!”

“Afande, mimi iko fundi wa kuwasha, siyo wa kurusha. Hata tiara sijawahi.”

“Basi tutajifunza.”

“Karatasi yangu, bwana. Lori…”

Dau akagusa mfuko, asiufungue. Akatazama barabara ya Jebel, watu na magodoro vichwani.

“Wote wanaondoka,” akasema, sauti imeshuka. “Mimi amri yangu ni kubaki. Nitabaki na nani, fundi?”

Simu ikalia tena.

“Dereva amewasha!” Josline alipiga kelele.

“Nenda, mama Angella. Shika mtoto.”

“Na wewe?”

“Bado iko kazi kidogo.”

Dau alikuwa amekwisha kukaa chini, rimoti mapajani, akimsogezea jiwe la kukalia.

“Kaa,” akasema. “Tuanze na kijiti kipi?”