Ngoma Niliyoicheza Kabla ya Matanga

Nakumbuka siku moja, nikiwa na miaka kumi na minane, tuliporudi kijijini kwetu Kagera. Jeshi letu lilikuwa limewafukuza askari waliovuka mpaka na kuikalia ardhi yetu. Waliondoka na ng'ombe, mabati, hata milango. Mwanangu, palikuwa kimya mno. Ndege wenyewe hawakulia. Lakini watu walileta ngoma, wakataka kushangilia.

Kaka yangu Rwegasira hakuwamo. Wakati tunakimbia alirudi kumfungulia mama ng'ombe wake, hakuonekana tena. Kwetu, asiyepatikana huzikiwa mgomba mahali pa mwili wake, na siku za matanga ngoma haipigwi. Baba mdogo alikwisha kushika panga akakate mgomba. Mimi nilikuwa nimelala kambi ya wakimbizi miezi, nimechoka kulia. Nilitaka kucheza tu, sina sababu nyingine ya kukupa. Nikasema, "Msimzike. Nimemwona juzi ndani ya lori la jeshi, akanipungia mkono."

Sikuwa nimeona mtu. Panga likawekwa chini, nikacheza mpaka miguu ikavimba. Baba mdogo alinisogelea akaniambia taratibu kwamba kama nimedanganya, nimemnyima kaka yangu pa kulala. Nilirudi kwenye ngoma.

Mama alimngoja mpaka akafa. Kaka aliacha binti mchanga, Koku, ambaye alipokua ndiye aliyenileta huku Toronto. Yeye anakaa mtaa wa Downsview, mimi niko mtaa wa Weston, kwenye ghorofa za zamani karibu na mto. Kila mwaka watu wa Kagera tunakutana mchana katika ukumbi wa jengo letu kuadhimisha siku ile ya kukombolewa. Vijana wanaongea Kiingereza chao, wazee tunagombania senene, wale panzi wa kukaanga wa kwetu, waliokuja ndani ya sanduku la mtu. Na kila mwaka Koku huweka kiti kitupu kando yake, na sahani ya ndizi, kwa ajili ya baba yake. Watu hukizunguka kiti hicho kwa mbali bila kuambiwa. Mimi huketi mwisho wa ukumbi nisikione.

Mwaka huu nilishindwa kuvumilia. Nilimwita jikoni nikamweleza yote, pamoja na lori ambalo halikuwapo. Nilitegemea matusi. Alifunga bomba, akajifuta mikono polepole.

"Yaani hukumwona, Shangazi?"

"Sikumwona, mama."

"Basi anayenishika bega nikiweka ile sahani ni nani? Nilidhani ni baba ananikumbuka huko aliko. Mkono wake una baridi, Shangazi. Na kila mwaka namwomba asiondoke."

Hapo tukaelewa wote wawili: mkono ule wa baridi ulikuwa wa mfu aliyenyimwa pa kulala. Koku alitoka, akamwambia mpiga ngoma anyamaze. Kisha akawaambia watu wote kwamba baba yake alikufa vitani. Tukamlilia Rwegasira kwa jina lake, mchana kweupe, mpaka vijana wasiomjua nao wakalia. Siku ile hatukucheza.

Mwanangu, shangilia uhuru wa nchi yako, ni haki yako. Lakini kwanza uliza nani hajarudi, na ukiulizwa wewe, sema unachokijua, hata kama sherehe itavunjika. Mimi nilichelewa maisha mazima ya mama yangu. Mungu akujalie ulimi mkweli, na siku yako ikifika, upate wa kukulilia na pa kupumzika.