Niliposema Nimesomea Uchumi

Kutoka Kigoma hadi Mtwara nilitumia siku nne, treni hadi Dar es Salaam kisha basi, nikiwa na begi moja na shati jeupe la kupigwa pasi. Shati hilo ndilo lililoniponza. Pale Ufukoni, mtaa nilikopanga, mgeni wa bara aliyechomekea, tena anazungumza Kiswahili cha shuleni, huwa ni mwalimu au afisa wa serikali. Mama aliyenipangisha chumba alianza kuniita Mwalimu siku ya pili. Mimi niliishia kidato cha nne, na kazi niliyoipata ilikuwa ya kutoa fotokopi kwenye steshenari moja mtaa wa Chikongola. Sikumsahihisha.

Binti yake alipomaliza kidato cha sita, walikuja wote wawili nimjazie maombi ya chuo kwenye kompyuta. Binti alitaka uchumi. Alisema gesi inatoka Msimbati, kwa bibi yake, na bibi bado anapikia kuni. Alitaka kujua kwa nini. Mama alitaka asomee fedha, apate kazi benki. Wakanigeukia niamue.

Ningeweza kusema sijui. "Fedha," nikasema. "Uchumi ni maneno tu."

"Kwani wewe ulisomea nini, Mwalimu?" binti akauliza.

"Uchumi."

Mama akacheka. "Umeona mwanangu? Na yuko wapi sasa? Kwenye fotokopi."

Binti naye akacheka, akaniambia basi niweke fedha. Nikabonyeza.

Likizo ya kwanza alirudi na daftari. Alisema hata huko kwenye fedha wana somo moja la uchumi, na ndilo pekee analolipenda, ila amekwama kwenye mchoro wa mistari miwili inayokatana. Nikalishika daftari, nikaligeuza upande huu na huu. Nikasema macho yananisumbua. Alinitazama kidogo, akalichukua taratibu.

"Basi, nitawauliza wenzangu."

Hakunicheka, wala hakumwambia mama yake. Afadhali angemwambia.

Wiki iliyofuata niliaga. Nilisema nimepata uhamisho, kama watumishi wanavyosema. Mama alinifungia ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini wanayoila huko, nile njiani, akanisindikiza stendi, akamwambia kondakta anikalishe vizuri kwa sababu mimi ni msomi wa uchumi. Begi langu alilibeba binti. Alinikabidhi mlangoni pa basi, mama yake akiwa pembeni anasikiliza.

"Safari njema, Mwalimu," akasema.