Kidani cha Mjane wa Sonara

Marehemu Kelestini, sonara wa Ifakara, hakujua kuuza kitu bila kumtania mteja kwanza. Ukiulizia kito cha labradoraiti, anakuwekea mezani jiwe la kijivu, limepooza kama kokoto za reli, halafu anajifanya anatafuta koleo.

"Fundi, hili si la kujengea msingi wa choo?"

Hapo ndipo anapoliinamisha kidogo. Bluu inawaka humo ndani, mteja anaruka. Kelestini anacheka mpaka anashika meza, kisha anaeleza kwa upole kwamba rangi haikupakwa juu. Ndani ya jiwe mna tabaka nyembamba mno. Mwanga ukipenya unagonga humo na kurudi na rangi. Ukikosea upande wa kulikata, umebaki na kokoto yako.

Mkewe, Bibiana, aliomba pete ya jiwe hilo, akanyimwa.

"Wewe unatwanga, unafua, unagombana na majirani. Jiwe hili likigongwa vibaya linapasuka. Chukua kidani, kikae kifuani kusikofanya kazi."

Bibiana alimrushia mwiko. Kidani akakivaa miaka yote.

Kelestini alifariki wakati wa masika, Mungu amrehemu. Dada yake, Verediana, akasimamia msiba: mjane avae nyeusi, avue kila kinachong'aa mpaka siku ya kumaliza msiba. Bibiana akatoa hereni, akatoa bangili. Kidani hakuweza. Ndicho mumewe alichomtengenezea kwa mikono yake.

"Na hicho?"

"Wifi, hiki nacho ni pambo?" Bibiana alikishika bapa, hakikutikisika. "Kijivu kitupu. Kina huzuni kuliko mimi."

Verediana alikikodolea macho, akaguna. "Haya, kaa nacho."

Jioni jumuiya ikaja kusali rozari, jua linaingia mlangoni. Walipofika kwenye Atukuzwe Baba, watu wakainama, Bibiana naye akainama, kidani kikaning'inia na kuwaka bluu. Akakifunika kwa kiganja. Mwisho wa fungu la rozari lililofuata akainamisha kichwa tu, shingo imekakamaa kama ana jipu, kikawaka tena. Verediana, aliyekuwa akiongoza, macho kwenye kidani, alianza Salamu Maria mahali pa Baba Yetu, jumuiya nzima ikamfuata.

Watu walipotawanyika, alinyoosha mkono. "Kivue."

Bibiana akakivua, machozi yanamlengalenga. Verediana akakigeuza kwenye jua: kijivu, bluu, kijivu.

"Kaka yangu huyu! Yuko kwa Mungu na bado ananichezea!"

Akacheka, kicheko kikageuka kilio, wakashikana pale mlangoni. Alipotulia alimfunga wifi yake kidani shingoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Vaa. Ila ukisali, kaa wima kama nguzo. Watu watasema."

Wiki iliyofuata Verediana aliacha kiti chake cha siku zote, akakaa uso kwa uso na Bibiana. Walipofika kwenye Atukuzwe, Bibiana akabaki wima kama nguzo. Verediana akakatiza sala.

"Jamani, tuiname vizuri. Wengine humu mnainama nusunusu."