Mwambie Mama Apumue

Wodini kazi yangu ni kichwa. Moyo wa mgonjwa ukisimama, wenzangu hukandamiza kifua, mimi nakaa kichwani. Namwinamisha kichwa nyuma, nainua kidevu ili ulimi usizibe koo, nabana barakoa usoni na kuminya mfuko wa hewa. Mikono yangu inaijua kazi hiyo hata nikiwa hoi.

Kwa mama mkwe wangu, kule Ndithini, mikono hiyo haikuwa na ruhusa. Sisi Wakamba tuna nthoni: mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hawakai karibu, hata kutazamana ni taabu. Mimi nimekulia Kinanie, nilidhani mambo hayo yameisha. Wapi! Mama yule alikuwa mkali. Tulizungumza kupitia kwa mke wangu, hata tukiwa chumba kimoja. Mwambie uji uko tayari. Mwambie nimeshiba. Mke wangu alichoka nasi sote wawili. Na bado mama alinipenda. Kila nikienda, nyama nzuri ilikuwa ya kwangu.

Asubuhi moja, mimi na mke wangu tukiwa kwake, alianguka uani akipepeta ndengu. Nilipofika mbio hakuwa akipumua, na mdogo wake alikuwa ameshamfunika leso na kumwekea mto chini ya kichwa. Akanizuia kwa mkono. Alisema si mimi wa kumshika, huyo ni mama mkwe wangu. Shemeji yangu naye akasimama katikati. Nikaomba, nikafoka, nikasema maneno ambayo mkwe hasemi. Hawakusogea. Basi nikafanya tulivyozoea: nikapitia kwa mke wangu.

Nikamwambia autoe ule mto, maana ulikuwa unamkunja shingo. Akautoa. Nikamwambia amwinamishe kichwa nyuma, ainue kidevu, azibe pua, apulize. Akapuliza, mashavu ya mama yakajaa, kifua kikabaki vilevile. Shemeji alikandamiza nilivyomwelekeza, na alikandamiza vizuri. Lakini hewa haikupita. Nikamwambia mke wangu avute taya mbele. Akasukuma kidevu juu, akawa anaufunga mdomo badala ya kuufungua. Niliona wazi kosa liko wapi. Lingenichukua kufumba na kufumbua kulirekebisha, na mimi nimesimama pale na mikono yangu miwili mizima. Nilijichukia, nikawachukia wote.

Mke wangu akainua uso.

"Siwezi," akasema. "Njoo wewe."

Akamsukuma mama yake mdogo kando. Nikapiga magoti, nikavuta taya, nikapuliza. Kifua kikainuka. Wote walikiona, na nikasikia mtu nyuma yangu akianza kushukuru Mungu. Niliendelea kupuliza, shemeji akiendelea kukandamiza, mpaka gari la jirani likapatikana, na ndani ya gari pia tukaendelea. Hospitalini wenzangu walichukua mahali petu. Baadaye kidogo mmoja wao alitoka na kunishika bega, nami nimewashika watu bega vile mara nyingi, kwa hiyo hakuhitaji kusema.

Jioni mke wangu aliniuliza nilikuwa nanong'ona nini pale chini, kila nilipoinuka kuvuta pumzi. Alidhani naomba. Nilitaka kumwambia ndiyo, lakini nikashindwa kumdanganya. Nilikuwa nasema, "Mwambie mama apumue." Mdomo wangu ulikuwa juu ya mdomo wa mama yake, na bado nilikuwa namtuma yeye.