Viza ya Sikudhani iliyokwisha bila safari

Maji yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko na boti ya mashine kutoka Kiongoroni imetia nanga mbele ya zahanati. Sikudhani Mpili anaingia majini mpaka magotini. Mkono mmoja unampokea mama mjamzito, wa pili umeshika beseni lake lenye khanga na sabuni.

"Shika bega langu," anamwambia. "Usitazame maji, nitazame mie."

Mama anashuka salama. Sikudhani anamtembeza taratibu hadi chumba cha kujifungulia, anatandika shuka iliyofuliwa jana, kisha anakwenda kumwita muuguzi.

Ana umri wa miaka hamsini na minne. Ni mhudumu wa zahanati katika kisiwa kimoja cha kata ya Maparoni, kwenye delta ya mto Rufiji, wilayani Kibiti. Anafagia, anachemsha vifaa, anafua mashuka kwa jiki, na muuguzi akiwa peke yake yeye ndiye anayeshika taa na kumshika mkono mzazi. Kwa yote hayo hupata posho ya shilingi laki moja na nusu kwa mwezi, na kuna miezi ambayo huchelewa.

"Kazi hii nilifundishwa na Mama Ludi," anasema. "Bila yeye ningekuwa nakata mikoko kama dada zangu."

Jina kamili la Mama Ludi ni Lurdes. Alikuwa mkunga kutoka Ureno, aliyefika hapa akiwa msichana na kuondoka akiwa na mvi. Alimkuta Sikudhani akifua nguo za watu, akamfundisha kunawa mikono kabla ya kumgusa mzazi, kupima joto, na kukaa kimya pale mzazi anapotaka kimya.

Wawili hao walimlea pia Recho. Baba yake, tabibu kutoka bara, ndiye aliyekuwa akiongoza zahanati. Mama yake, mwenyeji wa Shelisheli, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Sikudhani alimbeba mgongoni, Mama Ludi akamsomesha. Leo Recho anauza dawa kwenye duka moja Dar es Salaam, na kwa upande wa mama yake ana uraia na pasipoti ya Shelisheli.

Mwaka jana binti wa Mama Ludi alipiga simu kutoka Ureno. Alisema mama yake ni mgonjwa, madaktari hawana zaidi la kufanya, na anachoomba ni kuwaona Sikudhani na Recho. Tiketi angelipa yeye.

Kwa Sikudhani, safari ilianza kwa kutafuta cheti cha kuzaliwa, ambacho hakuwahi kuwa nacho. Alivuka maji kwenda Kibiti mara nyingi kiasi kwamba mwenye boti aliacha kumuuliza anakwenda wapi. Baada ya cheti ikaja pasipoti, kisha barua ya mwaliko, barua ya kazi na taarifa ya benki. Dar es Salaam, kwenye ofisi ya maombi ya viza, mashine ilikataa kusoma alama za vidole vyake.

"Jiki imevila," anasema, akivikunjua vidole tuone. "Yule kijana alinipangusa kwa kitambaa, akanipaka mafuta, tukajaribu tena na tena hadi ikakubali."

Viza ilitoka. Muda wote huo Recho ndiye aliyekuwa akihangaika naye, akimjazia fomu na kulala naye chumba kimoja kila alipokuja mjini. Kuhusu safari yake mwenyewe hakuwa na wasiwasi. Watu wa Shelisheli hawahitaji viza kuingia nchi nyingi za Ulaya, na tayari alikuwa amekwenda mara mbili akiwa na pasipoti tu.

"Nilizoea," anasema Recho kwa simu. "Nilisikia kuna kibali kipya cha mtandaoni kwa watu wasiohitaji viza. Kila mara wanasema kinaanza, kisha kinaahirishwa. Nikaacha kufuatilia."

Kilikuwa kimeshaanza. Walilijua hilo uwanja wa ndege, mizigo ikiwa kwenye mizani. Mhudumu wa shirika la ndege aliitazama viza ya Sikudhani, akampa kadi ya kupandia ndege. Aliposhika pasipoti ya Recho akaomba kibali chake. Recho akamweleza kwamba yeye haendi kwa viza. Mhudumu akamjibu kwa upole kwamba ndiyo sababu anakihitaji. Bila kibali hicho shirika haliruhusiwi kumpandisha.

Recho aliketi sakafuni akajaza maombi kwa simu. Wengi hujibiwa ndani ya dakika chache. Yeye alijibiwa kwamba maombi yake yanafanyiwa kazi na anaweza kusubiri siku kadhaa.

Mhudumu akamgeukia Sikudhani, akamwambia yeye hana tatizo, anaweza kuendelea.

"Mama, nenda," Recho alimwambia. "Nitakufuata."

Sikudhani hakuwahi kupanda ndege. Njiani walitakiwa kubadilisha ndege katika nchi asiyoijua, kwa lugha asiyoisema. Alitembea hadi mahali pa ukaguzi, akasimama, akawapisha waliokuwa nyuma yake. Kisha akarudi kuketi kando ya Recho.

"Nilimwambia tutakwenda wote kibali kikitoka," anasema. "Nilijiambia simwachi mwanangu analia. Lakini ukweli niliogopa. Nilikuwa na kila kitu mkononi, nikarudi."

Kibali cha Recho kilitoka siku ya tatu. Tiketi zao zilikuwa hazifai tena, na fedha walizochangiwa na ndugu na wafanyakazi wa zahanati zilitosha nauli ya mtu mmoja. Recho alitaka Sikudhani ndiye aende. Sikudhani alikataa, akisema Recho ndiye anayeijua njia.

Recho akaenda, akafika Ureno jioni. Mama Ludi alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo.

Baada ya maziko, binti wa marehemu alimsimulia Recho yaliyotokea siku waliyotazamiwa kufika. Asubuhi Mama Ludi aliomba avalishwe kitenge alichotoka nacho Rufiji. Aliwekwa kwenye kiti dirishani, akakaa hapo mchana kutwa. Walipomwambia kwamba Recho amezuiwa, aliuliza kama na Sikudhani amezuiwa.

Recho alikaa wiki nzima akijiuliza kama amwambie Sikudhani habari ile. Hatimaye alipanda boti hadi kisiwani, akamwambia ana kwa ana. Sikudhani alisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kuanua mashuka.

"Simlaumu Recho," anasema sasa. "Wala yule wa uwanja wa ndege, alikuwa kazini. Mie sikuzuiwa na mtu. Hilo ndilo linalonirudia nikiwa nafua."

Kibali cha Recho kitadumu miaka mitatu. Viza ya Sikudhani ilikwisha muda wake mwezi uliofuata, haikuwahi kutumika.

Ndani, mama aliyekuja na boti anamwita. Sikudhani anaingia, anampa maji kidogo kidogo, anarudi kibarazani akijipangusa mikono kwa khanga.

Anasema ataomba viza tena. Nauli anaiweka polepole katika kikundi cha akina mama cha kuweka akiba. Mwalimu Stephano, wa shule ya msingi ya kisiwani, humfundisha Kiingereza mara mbili kwa wiki baada ya kazi. Si Kiingereza kingi. Amejifunza kutaja jina lake, kusema haelewi vizuri, na kuuliza mlango wa ndege inayofuata uko upande gani.

Recho amemwahidi kwenda naye. Sikudhani amemshukuru na kumwambia kwamba safari hii atatangulia yeye.

"Nataka nifike kwenye kaburi lake nikiwa peke yangu," anasema. "Nina la kumwambia."