Kuku wa Samli kwa Wayahudi

Harufu ya samli ikipanda jikoni, nafungua dirisha, ingawa mimi huyu, kwa uvivu, hata mlango naufungua kwa shida.

Rafiki wa mama, Myahudi wa Uganda aliyeuza vitunguu pamoja naye sokoni Malaba, alitualika kwake ng'ambo ya mpaka. Mwanawe alikuwa ametimiza miaka kumi na mitatu, na kwa desturi yao angesoma Torati mbele ya watu. Rafiki huyo akaniambia, "Mwambie mama aje mikono mitupu. Chakula cha nje hatuli, na nyama haikutani na maziwa."

Sikumfikishia mama ujumbe. Mama asipopika, nani angenirambisha sufuria?

Tukavuka mpaka na kuku amelala kwenye samli. Kijana akasoma, watu wakamrushia switi, peremende za kumpongeza, nami nikazidonoa chini kama kuku mwenyewe. Kisha mama akafunua sufuria.

"Pole dada, hatuwezi," rafiki yake akanong'ona. Akanitazama.

"Kwani mimi ni mchafu?" mama akauliza.

Mdomo wangu ulikuwa umejaa switi.

Wiki iliyofuata mama alihamishia vitunguu vyake soko la Amukura. Hakumtaja tena rafiki yake hadi alipofariki. Tulipomzika mama, mwanamke yule alikuja, akasimama mbali, mikono mitupu.